Sifuri ya Hyasinta

Kariakoo, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Hyasinta,

Usishtuke kuona bahasha. Ni mimi Pius, Pius Nandonde wa darasa lako, yule mwenye baiskeli. Mwandiko nisamehe, tangu tumalize shule sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya mzigo.

Mwaka huu tunatimiza miaka ishirini na mitano tangu tumalize kidato cha nne pale Nahimba. Sisi ndio tulioifungua shule ile, watu ishirini na mmoja, wasichana watano tu. Wengine wameshatangulia mbele ya haki. Nimepata wazo la kutengeneza kitabu cha kumbukumbu cha darasa letu kabla hatujasahauliana kabisa. Benjamini ameahidi kuandika ukurasa wake, ingawa unamjua Benjamini na ahadi.

Upande wa wavulana najiweza. Ila bweni lenu hatukuwahi hata kulichungulia, Mwalimu Shomari angetuchuna ngozi. Kwa hiyo nakuomba uniandikie: mlilala wapi, nani alilala karibu na nani, matroni alikuwa nani, mlipika nini kwa siri, mlicheka nini. Usiache hata kidogo. Andika kama unamsimulia mtu ambaye hakuwepo.

Jambo la pili. Naomba cheti chako cha kuhitimu, si cha Baraza la Mitihani, kile cha shule tulichopewa siku ya mahafali, chenye picha ndogo pembeni. Nitatoa nakala kwa ajili ya ukurasa wako na kukurudishia. Vyote mpe kondakta wa basi la Newala, uandike jina langu na namba ya simu juu ya bahasha, nitapokea mwenyewe.

Najua unayo simu, lakini simu hazina kumbukumbu, leo ipo kesho imeanguka kwenye maji. Kitabu kinataka mkono wa mtu.

Nasikia unapika hapo hapo shuleni. Nimekuwekea jozi ya viatu vya ngozi kutoka soko la Mchikichini, vya mtumba lakini gredi ya kwanza. Mguu wako nimeukisia.

Mwenzio,
Pius


Nahimba
23 Februari 2025

Pius,

Viatu vimenibana, lakini nitavivaa kanisani, kanisani watu hawatembei sana. Asante.

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimeokota hela. Nani tena anataka habari za bweni letu? Haya, sikiliza.

Bweni lilikuwa ghala la korosho la ushirika, wewe unalijua kwa nje. Ndani tulitandika mikeka minne kwa watu watano, kwa hiyo mimi na Siti tulilala mmoja. Siti alikuwa akikoroma. Husna alilala mlangoni kwa sababu hakuogopa kitu, na wale wawili wa Kitangari walilala ukutani wakisali rozari mpaka usingizi unawachukua. Matroni alikuwa mke wa Mwalimu Shomari, tukimwita Mama Ndoo, kwa kuwa alihesabu ndoo za maji kila jioni na ole wako uwe umeogea mbili.

Wiki ya mahafali Husna aliokota korosho mbichi nyuma ya ghala, tukazichoma kwa haraka kwenye bati tukazibangua kwa meno. Unajua mafuta ya ganda la korosho. Asubuhi midomo yetu yote mitano imeungua na kuvimba, Mama Ndoo akatupaka mafuta ya mgando, na ndivyo tulivyopigwa picha ya darasa. Angalia ile picha, Pius. Wavulana mnacheka, sisi tumefunga midomo kama tumenuna. Watu wote walidhani tunasikitika kuachana.

Hapa naitwa Mama Goodluck, tangu mwanangu wa kwanza azaliwe. Walimu wamekuja na kuondoka, sidhani kama kuna mmoja anayejua jina langu la ubatizo. Napika uji, ugali na maharage kwa watoto mia tatu. Mwaka wa ishirini na moja huu. Niliwahi kuomba kazi ya karani kijijini, nikaomba na ualimu wa chekechea, kote wakataka cheti cha kidato cha nne. Nikawaambia nilipata sifuri. Wakanionea huruma, wengine wakacheka.

Lakini wewe sikuwahi kukulaumu. Mama alikuwa kitandani hawezi kugeuka, nisingeweza kumwacha nikatembee kilomita kumi na nne kwenda wilayani kuangalia ubao wa matokeo. Na kila mtu kijijini alikuwa anafanya hivyo, mwenye baiskeli ndiye anayewasomea wengine. Ukarudi jioni, ukaisimamisha baiskeli mbali, ukasema Hyasi, mimi na wewe tumepata sifuri. Ulilia wewe kabla yangu. Mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya kwa ajili yako, kubebeshwa habari kama ile.

Cheti cha kuhitimu sinacho, mchwa walikula boksi zima. Lakini usihofu. Mwalimu Mkuu wetu mpya, Mwalimu Badria, ni mtu wa kusaidia. Nitamwomba aangalie kwenye makabati ya zamani kama kuna kivuli chake.

Mimi,
Hyasinta


Kariakoo
4 Machi 2025

Hyasinta,

Barua yako nzuri mno. Nimeisoma mara mbili.

Tafadhali usiende ofisini. Mambo ya ofisi unayajua, utazungushwa, utaombwa barua na muhuri, na wewe una kazi zako. Kitabu hakihitaji cheti, niliwaza tu kingependeza. Achana nacho kabisa.

Badala yake niandikie haya, ni mafupi: jina la mama yako la kuzaliwa, shule ya msingi uliyosoma na mwaka ulioanza, tarehe ya ubatizo wako na jina la msimamizi wako wa ubatizo. Nataka kila ukurasa uwe na historia ya mtu. Na yule mwalimu wa Baiolojia aliyekaa muhula mmoja alikuwa anaitwa nani? Limenitoka.

Fanya haraka kidogo. Mchapaji ananisumbua, anataka kila kitu kabla ya mwisho wa Aprili.

Pius


Nahimba
16 Machi 2025

Pius,

Barua yako ilinikuta nimeshakwenda.

Nilikwenda ofisini Jumatatu baada ya uji wa saa nne, na aproni yangu kiunoni. Mwalimu Badria akaniuliza jina kamili. Nikamwambia Hyasinta Mchopa, wa mwaka 2000. Akasema kumbe Mama Goodluck una jina zuri hivyo. Akafungua kabati la chuma ambalo naliona kila siku ninapopeleka chai ya walimu. Akatoa daftari kubwa la matokeo, akapitisha kidole, akanitazama, akapitisha tena.

Hyasinta Mchopa. Daraja la pili. Pointi ishirini.

Nikamwambia si mimi. Akaniuliza kulikuwa na Hyasinta mwingine? Tulikuwa wasichana watano, Pius. Hakukuwa na mwingine.

Mbele ya jina lako ndiko kulikoandikwa sifuri.

Akaendelea kusoma, maana mimi nilikuwa siwezi. Julai 2001, fomu ya kujiunga na kidato cha tano, Hyasinta Mchopa, imechukuliwa na Pius Nandonde kwa niaba. Agosti 2002, cheti cha Baraza, Hyasinta Mchopa, kimechukuliwa na Pius Nandonde kwa niaba. Saini yako ile ile yenye mkia, kama ulivyosaini barua hizi.

Jiko langu na kabati lile vinatenganishwa na hatua thelathini. Nimezihesabu. Miaka ishirini na moja nimebeba kuni nikilipita dirisha lile. Utaniuliza kwa nini sikuwahi kuomba kuona. Nani anaomba kuonyeshwa sifuri yake? Mwalimu Shomari alikuwa ameshahamishwa kabla matokeo hayajatoka, walimu wengine wawili wakamfuata, waliokuja hawakunijua. Nilikuwa na wewe tu wa kuniambia, na nilikuamini.

Nilikuonea huruma wewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, hata kuliko kidato cha tano. Miaka yote hii nimekuwa nakusamehe kosa ambalo nilidhani si lako.

Nakuchukia, Pius. Sikuwahi kumwandikia mtu neno hili.

Kitabu chako ni cha uongo, hilo naliona sasa, ingawa sijui unataka nini na ubatizo wangu. Nakuuliza jambo moja tu. Cheti changu kiko wapi?

Hyasinta Mchopa


Upanga, Dar es Salaam
2 Aprili 2025

Dada Hyasinta,

Shikamoo.

Hunijui. Jina langu ni Ritha, mke wa Pius. Juzi nilipita dukani kwake nikaikuta barua yako chini ya maboksi ya viatu, na nikaisoma pale pale nimesimama. Aliponiona nayo alitoka nje akaenda kuongea na wateja.

Cheti chako ninacho mimi.

Nilikutana na Pius mwaka 2003. Nilikuwa nimeishia darasa la saba na nilikuwa nafanya usafi katika zahanati, natamani uuguzi mpaka naota. Akaniambia ana cheti cha dada yake, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekufa kwa malaria mara baada ya matokeo. Akasema wazazi wameridhia kitumike, kisioze bure. Vyeti vya Baraza vya wakati ule havikuwa na picha. Nikaingia chuoni kwa jina lako, nikafaulu kwa akili yangu, nikaajiriwa mwaka 2006. Uhakiki mkubwa wa vyeti ulipokuja wengi walianguka, mimi nikapita, kwa sababu cheti ni halali. Mtu ndiye si halali.

Sijifanyi mtakatifu. Nilijua ni kosa. Lakini nilijua ni kosa la kumwibia maiti, nikajipa moyo kwamba maiti haumii.

Kila Novemba, kanisani tunapoandika majina ya marehemu wa kuombewa, nimekuandika. Miaka ishirini na moja. Padri anasoma majina, anafika Hyasinta, na wauguzi wenzangu waliokaa benchi moja nami, wanaoniita Hyasinta, hunipiga kikumbo wakinitania kwamba nimetajwa. Nami nainamisha kichwa nikikuombea pumziko. Wewe wakati huo unabeba kuni.

Sasa nakuambia alichokuwa anakitafuta. Nimependekezwa kuwa muuguzi msimamizi. Faili langu limefika kwenye kamati, wanataka cheti cha kuhitimu cha shule, na wataniuliza kwa mdomo habari za shule na za nyumbani. Pius alisema ataziomba kwa shangazi yako. Kumbe aliniletea maneno ya barua yako ya kwanza, ameyanakili kwa mkono wake. Nimekariri mikeka minne. Nimekariri Mama Ndoo. Nimekariri midomo yenu iliyoungua, nilicheka nikiikariri, nikasema huyu marehemu alikuwa na vituko.

Kamati ni tarehe 6 Mei. Wanangu wawili, vyeti vyao vya kuzaliwa vimeandikwa mama ni Hyasinta Mchopa. Sijui nitawaambia nini. Nakuuliza wewe uliyeibiwa: nifanye nini? Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Ukisema niseme, nitasema.

Naomba unisamehe, au unitukane, vyovyote, lakini unijibu.

Ritha


Nahimba
13 Aprili 2025

Ritha,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma. Siku ya pili nilijiuliza umewashika wangapi mkono wakati wanakufa, ukiwaambia jina lako ni Hyasinta. Nikaona wivu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea wivu anayeitwa kwa jina lake mwenyewe.

Unaniuliza ufanye nini. Hapana, mdogo wangu. Huo mzigo usinitwishe. Nikisema unyamaze, nitakuwa nimejizika kwa mkono wangu. Nikisema useme, utawaambia wanao kwamba kuna mwanamke Newala amekufukuzisha kazi. Mimi nimeshabebeshwa maneno ya watu wengine vya kutosha.

Nitakuambia ninachokitaka mimi, basi. Nataka jina langu. Sikitaki cheo chako wala mshahara wako, na wanao sina ugomvi nao. Nataka siku nikiulizwa nilipata nini kidato cha nne, nijibu ukweli na karatasi iwepo.

Nimepiga hesabu kila upande, na kila upande anayeumia ni wewe au mimi. Yeye yuko dukani anauza viatu. Kwa hiyo nakuambia neno moja: ukienda mbele ya hiyo kamati, usiende peke yako. Nenda na jina lake. Sema nani alikupa, lini, na alikuambia nini. Ukishindwa, nitapanda basi nije niseme mwenyewe.

Kuhusu msamaha, sina kwa sasa. Nisikudanganye.

Na Novemba hii tafadhali usiniandike.

Hyasinta


Kariakoo
11 Mei 2025

Hyasinta,

Nadhani umeshasikia. Ritha alikwenda kwenye kamati akasema kila kitu, hata yale ambayo hakuulizwa. Wamemsimamisha kazi. Amechukua watoto amehamia kwa dada yake Kigamboni, simu zangu hapokei. Siku ya pili yake askari wawili walikuja dukani mchana kweupe, Kariakoo nzima inaangalia. Mzee Devendra mwenye nyumba ananiuliza Pius umefanya nini, nami najifanya napanga viatu. Nimewekewa dhamana, natakiwa kuripoti kila Ijumaa.

Nataka ujue ilivyokuwa. Nilifika pale ubaoni nikaangalia jina langu kwanza. Sifuri. Halafu lako. Nilisimama pale mpaka jua likageuka. Nikaona utakwenda kidato cha tano, utakwenda chuo, na mimi nitabaki na baiskeli. Nilikuwa nakupenda, na wewe ulikuwa hujui, au ulijua ukanyamaza. Nilipanga kukudanganya wiki moja tu. Kisha wiki ikawa mwezi, ikaja fomu ya kidato cha tano, na nikaona nikikupa fomu utaniuliza ya matokeo. Uongo una njia ya kuingilia, ya kutokea hauna. Cheti nilikichukua nikiwa na nia ya kukuletea. Nakuapia. Nilikaa nacho mwaka mzima kwenye begi.

Wakili ananiambia kuna kitu kimoja kinachoweza kunisaidia. Ikiwa mwenye cheti alikitoa kwa hiari yake, kosa langu linakuwa dogo, pengine faini. Watakuita wilayani uandikishe maelezo. Nakuomba useme kwamba ulinipa mwenyewe. Kwamba ulikuwa unamuuguza mama yako, ulijua umefaulu, ukaona hutaweza kuendelea na shule, ukaniambia nimpe mtu atakayekitumia. Ni maneno mawili matatu tu. Haitakupunguzia kitu, yaliyopita yamepita, na jina watakurudishia vilevile.

Sisi ni watu wa darasa moja, Hyasi. Tulikuwa ishirini na mmoja na tumebaki wachache. Usiniangushe.

Pius


Nahimba
25 Mei 2025

Pius,

Niliitwa wilayani Jumatano. Nilivaa viatu vyako, ndivyo nilivyo navyo, vikanitoa malengelenge. Mwalimu Badria alinisindikiza na daftari la matokeo ameliviringisha kwenye kanga.

Ofisa aliandika taratibu. Akafika kwenye swali lako, akauliza: cheti ulimpa Pius Nandonde kwa hiari yako? Nilikuwa na barua yako mkobani. Sitakudanganya, kwa dakika moja hivi nilikuona umesimama pale ubaoni. Una miaka ishirini na unalia. Nilikuonea huruma tena. Kisha nikakumbuka kwamba uliniomba niseme nilijua nimefaulu. Yaani miaka yangu yote jikoni iwe niliichagua mwenyewe. Hilo ndilo uliloliita maneno mawili matatu.

Nikasema hapana. Na barua yako nikamkabidhi.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe bado. Ofisa akaniuliza nitathibitishaje kwamba mimi ndiye Hyasinta Mchopa aliyefanya ule mtihani. Nikatoa kitambulisho changu cha taifa. Akasema na yule wa Dar anacho, jina lile lile, na wa Dar ana cheti mkononi na miaka kumi na tisa ya utumishi. Ritha amekiri kwamba si yeye, lakini hajawahi kuniona, na barua yako haisemi mwenye mkoba ni nani. Mimi nina nini? Daftari linasema Hyasinta alifaulu, halisemi Hyasinta ni mama huyu. Mama yangu amefariki. Mwalimu Shomari amefariki. Mwalimu Badria ameapa ananijua, lakini akaulizwa umefika Nahimba lini, akajibu mwaka jana.

Nilikaa kwenye lile benchi na miaka yangu arobaini na mitatu, sina hata karatasi moja inayosema mimi ni mimi.

Wanataka mtu aliyesoma nami darasani, aje mahakamani aniangalie usoni, aseme. Benjamini amepiga simu, yuko tayari kuja kutoka Tunduru. Siti naye yuko tayari. Nimewashukuru nikawaambia wakae kwanza. Ofisa aliponiuliza jina la shahidi nimemtajia Pius Nandonde. Akaniangalia, akasema mama, huyo si ndiye mshtakiwa? Nikasema ndiye huyo, hakuna anayenijua kuliko yeye.

Alisema mshtakiwa halazimishwi kusema. Mwandike tu, nikamwambia.

Kwa hiyo utaletwa Newala, na watakuuliza kama unamtambua mwanamke huyu. Ukisema ni mimi, umejifunga mwenyewe. Ukisema hunijui, au ukinyamaza, unaweza ukatoka, na mimi nitarudi jikoni nikiwa si mtu. Hakuna atakayekulazimisha, kama siku ile.

Nitakuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako, na sitakutazama vibaya. Useme mwenyewe.

Hyasinta Mchopa